Mafuta Mekundu

Tulikuwa tumeshaipita Ennis, Texas, jua linachomoza upande wa kushoto, na sikuwa nimegeuka hata mara moja kuitazama Garland tuliyoiacha. Begi langu lilikuwa kwenye buti. Ukihama mara nyingi kama nilivyohama mimi, shingo inazoea kutogeuka.

Aliyekuwa anaendesha ni Fidèle, mtu wa Uvira, Kongo, fundi. Nilikuwa nimekaa kwake miezi mitatu katika chumba cha pembeni mwa gereji, na mpango ulikuwa anishushe Houston nitafute basi la kwenda New Orleans, kwa sababu New Orleans sijafika. Yeye alikuwa na safari yake. Kando ya begi langu, ndani ya kisanduku chenye kufuli, mlikuwa na bastola aliyoishughulikia kwa miezi kumi na minne, na saa sita mchana ilitakiwa iwe mkononi mwa mwenyewe.

Mwenyewe ni Lydiah, muuguzi, Mkenya wa Meru, miaka hamsini na tisa, anakaa Katy. Hampigi mtu wala mnyama. Analenga karatasi, na huo ndio mchezo wenyewe: unasimama, unanyoosha mkono mmoja, karatasi iko yadi hamsini mbele, na lile doa jeusi la katikati kwa macho yangu ni kama inzi aliyetua ukutani. Risasi sitini, kila moja pointi kumi ikiingia katikati kabisa. Siku hiyo ilikuwa inatafutwa nafasi ya mwisho katika timu ya wanawake ya jimbo, watakaokwenda mashindano ya taifa mwezi wa saba, na aliyeitaka alitakiwa afikishe mia tano na sitini. Lydiah alishajaribu miaka miwili. Mwaka wa kwanza alikosa kwa pointi nne, wa pili kwa pointi moja. Mwaka mwingine hakuwa nao, kwa maana bega lake la kulia lilikuwa na tarehe ya kupasuliwa mwezi wa nane, na daktari alimwambia wazi kwamba baada ya kisu mkono ule hautanyooka tena na kutulia na kilo ya chuma mbele yake.

"Mzee, umelala?" Fidèle aliniuliza karibu na Corsicana.

"Nawaza."

"Nini?"

"Kama itakubali."

Akacheka kwa pua. "Itakubali. Ile kitu ninaijua kupita watoto yangu."

Na mimi nilimwamini. Nimefanya kazi karakana ya reli Voi, nimebeba mizigo Lubumbashi, nimeendesha malori ya Zambia mpaka magoti yakakataa, na kote huko mafundi nimewaona. Kama yule sijamwona. Siku za kazi alikuwa kiwandani anatoboa milango ya vyuma, na Jumamosi alfajiri anaingia gereji yake, leseni imetundikwa ukutani pembeni ya kalenda ya kanisa, nami nakaa juu ya ndoo kumtazama. Sikuwa na shughuli nyingine, na hata ningekuwa nayo ningeiacha.

Bastola ya kiwandani, alinieleza, ina nafasi nafasi. Kile chuma cha juu, kinachokimbia nyuma na kurudi kila risasi inapotoka, kinakaa juu ya reli mbili za chuma cha chini, na kiwandani wanaacha upenyo ili kisikwame. Fidèle hakuutaka upenyo ule. Alikuwa anawasha mshumaa, anapitisha reli juu ya ndimi za moto mpaka zishike masizi, anaingiza chuma cha juu, anakivuta, anakitoa, kisha anatazama masizi yamefutika wapi. Palipofutika ndipo panapogusana. Anapapitisha jiwe mara mbili, jiwe laini kama kipande cha sabuni, anapangusa, anaanza upya. Mshumaa, masizi, jiwe. Siku moja nilihesabu mpaka mara sitini nikaacha. Anachoondoa hukioni. Nilimwomba anioneshe vumbi lake, akaninyooshea kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa cheupe.

Miezi ikaenda. Siku aliponipa niishike, chuma cha juu kiliteleza kwa uzito wake chenyewe bila mlio wowote, na ukikitikisa hakichezi hata pumzi. Nikaingiwa na woga. Si woga wa bunduki, huo ninao wa zamani. Huu ulikuwa kama ule wa kanisani, pale watu wote wananyamaza kwa pamoja bila kuambiwa.

Kifyatulio nacho kina sheria yake. Lazima kibebe ratili tatu na nusu bila kuachia, la sivyo unatolewa mstarini. Cha Lydiah kilibeba ratili tatu na nusu pamoja na sarafu moja. Ukiongeza ya pili, kinaachia. Mtu mzima, anapima kwa sarafu. Niliziweka mwenyewe kwa mkono wangu.

Lakini kilichonimaliza ni mpini. Lydiah alipokuja Garland kupimwa mkono, Généreuse, mke wa Fidèle, aliambiwa asonge bugali wa muhogo, mzito kupita wa kula. Fidèle akamkabidhi Lydiah donge likiwa bado na joto, akamwambia alikamate kama anavyokamata bastola, avute pumzi, atulie.

"Mimi napika chakula," Généreuse alisema pale mlangoni, "na wao wanasalimiana nacho."

Bugali ule ulikaa siku nne juu ya friji ukawa jiwe. Vidole vyote vimo, hata mkunjo wa kidole cha kati ambacho Lydiah alikivunja utotoni akichota maji. Kutoka kwenye donge lile Fidèle alichonga mbao ngumu ya rangi ya kahawa, na Lydiah akaushika mpini. Aliutazama mkono wake kana kwamba ameazimwa.

Na Fidèle mwenyewe hapigi. Hajawahi kupiga hata moja. Wakati wa kujaribu, bastola inabanwa kwenye jiliwa kule uwanjani, yeye anarudi nyuma, Lydiah anavuta. Mara ya mwisho walitoboa matundu kumi kwa yadi hamsini, na kifuniko cha galoni la maziwa kikayafunika yote. Lydiah alimuuliza siku hiyo, "Fundi, hata moja tu hutaki? Ni kazi yako hii."

Fidèle akawa anakunja kitambaa chake. "Kwetu nilisikia masasi mingi yenye haijue pahali inaenda. Nataka nisikie moja yenye inajua."

Lydiah akaanza kuokota maganda ya risasi.

Asubuhi ile ya safari na mimi nilitia mkono. Fidèle alikuwa kwenye simu na Lydiah, Généreuse anafunga maandazi, muda unakwenda. Akaziba simu kwa kiganja. "Mzee, nisaidie. Tia matone mbili ya mafuta ya mukundu kwenye reli, kisha ufunge sanduku."

Mezani palikuwa na chupa moja nyeusi isiyo na karatasi. Sikuigusa, maana sikujua ndani mna nini. Ila mafuta mekundu nayajua. Nimekaa Kigoma miaka sita na Uvira miwili, na kote huko ukimtuma mtu mafuta mekundu anarudi na kitu kimoja, mafuta ya mchikichi. Mtu aliyepima mkono kwa bugali, nikasema moyoni, kwa nini asilainishe chuma kwa mawese? Nilistaajabu tu. Nikaingia jikoni. Chupa ya Généreuse ilikuwa ubavuni mwa jiko, mawese yameyeyuka vizuri, mazito, yananukia. Nikachovya kijiti cha meno, nikadondosha tone reli hii na tone reli ile. Nikaongeza la tatu kwa heshima.

Uwanja wa kulengea uko magharibi ya Katy, nyumba mpya zinapoishia na mashamba ya mpunga kuanza. Baridi ya kaskazini ilikuwa imeshuka Texas nzima siku hiyo. Madimbwi yalikuwa na ngozi ya barafu, na kisanduku kilikuwa kimepigwa na baridi hiyo kwenye buti saa nne na nusu za njia.

Lydiah alikuwa anatusubiri na koti lake la kazini juu ya sweta mbili na chupa ya chai kwapani.

"Mmechelewa," alisema. "Nime-park hapa tangu saa nne. Chai yote nimemaliza kwa wasiwasi."

"Barabara ilikuwa na baridi, Mama Lydiah."

"Barabara haisikii baridi. Wewe unaendesha kama umebeba mayai."

"Nilibeba kitu kupita mayai."

Akanigeukia. "Na wewe mzee, nasikia unatoroka tena."

"Sitoroki. Naondoka."

"Tofauti ni gani?"

"Anayetoroka haagi."

"Basi leo uage vizuri," akasema, "nikishinda utakula mbuzi, nikishindwa utakula ile noma nitakuwa nayo."

Msimamizi, Mmarekani mrefu mwenye masharubu ya theluji, alining'iniza ile ratili tatu na nusu kwenye kifyatulio, akainyanyua bastola polepole. Ikabeba. Akaitazama, akainyanyua tena, ingawa sheria inataka mara moja. Nadhani aliirudia kwa raha yake mwenyewe.

Raundi ya kwanza ni ya polepole, dakika kumi kwa risasi kumi, mara mbili. Lydiah alisimama mguu sawa, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyooka. Sisi tulikaa nyuma kwenye benchi na vizibo masikioni. Fidèle hakutazama karatasi. Alichomoa kizibo kimoja, akafumba macho, akawa anasikiliza. Baada ya risasi ya sita akainamisha kichwa.

"Inalala," akasema.

"Nini?"

"Ile chuma. Inarudi na uvivu."

"Ni baridi hii."

"Nilishaijaribu ndani ya friza ya Généreuse. Haikulala."

Lydiah alipata mia moja themanini na mbili kati ya mia mbili. Si mbaya, kwa raundi ngumu kuliko zote. Raundi ya pili ni ya sekunde ishirini, karatasi zinasogezwa mpaka yadi ishirini na tano, risasi tano tano, mara nne. Tano za kwanza zilitoka. Za pili zilitoka tatu, halafu kimya. Watu wengine wote wanapiga, yeye amesimama na chuma cha juu kimegota nusu njia. Akainua mkono wa kushoto.

Msimamizi alikuja, akatazama, akaandika. Alisema sheria ya mashindano haya ni msamaha mmoja kwa siku. Atarudia zile tano baada ya karatasi kubadilishwa, kama dakika ishirini hivi. Ikigoma tena, kilichoko kwenye karatasi ndicho kitakachohesabiwa.

Bastola ililetwa tupu kwenye meza ya nyuma. Fidèle akachomoa chuma cha juu, akapitisha kidole kwenye reli. Kidole kilitoka na utando wa rangi ya chungwa, mgumu kama nta. Akaunusa. Lydiah naye akainama akanusa.

"Hii inanuka kama ile sombe ya Généreuse, majani ya muhogo," alisema.

Niseme ukweli wangu. Buti la gari lilikuwa halijafungwa, begi langu naliona, na barabara kubwa ilikuwa hatua mia tatu. Nimeshaondoka mahali kwa makosa madogo kuliko hilo. Miguu ilishaanza.

"Ni mimi," nikasema.

Fidèle akanitazama.

"Uliniambia mafuta mekundu."

"Nilikuambia mafuta ya mukundu."

"Ndiyo. Mawese."

Lydiah akakitazama kile kidole tena. Kisha Lydiah, polepole: "Ngoja. Mzee. Umeipaka gun yangu mafuta ya kupika?"

"Matone matatu."

"Nilisema mbili," Fidèle akasema.

"La tatu nilitia kwa heshima."

Lydiah akaziba macho kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili. "Miaka mitatu nime-practice," akasema, "nirudi kazini niwaambie nini? Nimeshindwa na sombe."

Fidèle hakucheka. Alimwomba msimamizi ruhusa, akapewa, akaninyooshea mkono, kwa maana funguo za gari nilikuwa nazo mimi tangu nilipotoa kisanduku kwenye buti. "Funguo."

Lile gari lake ni Camry ya mwaka elfu mbili na moja. Aliliwasha, akafungulia joto lote lielekee kioo cha mbele, akatandika kitambaa chake cheupe juu ya dashibodi, na juu ya kitambaa akaivua ile bastola. Nasema kuivua, sina neno jingine. Sikuona akitafuta wala akilazimisha. Vipande vilikuwa vinatoka kwenye vidole vyake kimoja kimoja, springi, pini, mtutu, vingine vidogo kama punje za mtama, na kila kimoja alikilaza mahali pake juu ya matundu ya hewa ya moto. Mawese yakaanza kuyeyuka. Gari lote likanuka Uvira siku ya Jumapili. Lydiah, kiti cha nyuma, alitoa mkobani zile pamba za spiriti wanazosafishia ngozi kabla ya sindano, akawa anazichana na kumpa, moja baada ya moja, mkono kwa mkono, hawasemezani. Ndivyo wanavyofanya katika chumba cha upasuaji, aliniambia baadaye. Mimi nilikaa kiti cha mbele nimekunja mikono mapajani ili isiguse kitu. Nimeishi miaka sabini na moja nikidhani utulivu ni mtu kutofanya kitu. Siku ile niliuona unafanya kazi.

Dakika kumi na moja na bastola ilikuwa nzima tena. Lakini ilikuwa kavu, na chuma kwa chuma kilichobana vile hakiendi kikavu. Ile chupa nyeusi ilikuwa Garland, juu ya meza, pale nilipoiacha.

Fidèle alishuka, akafungua boneti injini ikiwa inanguruma, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi.

"Mzee, kuja uone."

Nikaenda. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na tone linaning'inia, jembamba, jekundu kama damu ya kidoleni.

"Haya njo mafuta ya mukundu," akasema. "Baridi, joto, haijali. Ndani ya ile chupa nyeusi ni hii hii."

Mimi malori yangu yote yalikuwa ya gia za mkono. Giaboksi inayojibadilisha yenyewe sijawahi kuifungua, na sikujua kwamba maisha yote haya mafuta yake yalikuwa mekundu. Nilibaki nalitazama lile tone.

Akanishikisha kijiti. "Tia wewe."

"Mimi?"

"Mbili," akasema. "Heshima bakisha."

Nikatia mbili. Matone yalianguka mahali pake. Fidèle akakivuta chuma cha juu mara moja, akakiachia, akainamisha sikio, akamkabidhi Lydiah.

Alirudia zile tano na zote zikatoka. Raundi ya pili ilikwisha kwa mia moja tisini na moja. Jumla mia tatu sabini na tatu, na raundi ya mwisho, ya sekunde kumi kwa risasi tano, alihitaji mia moja themanini na saba.

Raundi hiyo sitaisahau. Sekunde kumi ni kidogo. Mkono unaruka kila risasi, na kila mara lazima ushuke pale pale ulipotoka. Niliona mkono wa Lydiah ukiruka na kushuka, na kila uliposhuka ulikuta bastola imeshajifunga na inamsubiri. Mlio wake ulikuwa mmoja, wa kufanana, kama mtu anayepiga hodi bila haraka. Mashamba yakawa yanaurudisha kutoka mbali. Fidèle alikuwa amefumba macho, midomo inahesabu. Tano. Tano. Tano. Kabla ya tano za mwisho nilivua kofia, baridi ile yote, na sikujua kwa nini nimeivua.

Walipoileta karatasi, zile tano za mwisho zilikuwa tundu moja lenye kingo za kuchanika. Ungeweza kuliziba kwa kidole gumba. Lydiah aliziba. Alibaki ameweka kidole pale muda mrefu, na msimamizi hakumharakisha.

Mia moja themanini na tisa. Jumla mia tano sitini na mbili.

Fidèle akafungua macho. "Ilijua," akasema, akaenda kuzima gari.

Lydiah alikwenda mashindano ya taifa mwezi wa saba akamaliza wa themanini na tatu. Timu yao ikawa ya sita. Mwezi wa nane alipasuliwa bega. Siku hizi ni mwandika alama kwenye uwanja ule ule, na bastola iko kwenye kabati la chuma nyumbani kwake Katy. Fidèle bado anatoboa milango Garland na ametengeneza bastola nyingine mbili, ya mwalimu mmoja wa Euless na ya yule msimamizi mwenye masharubu. Bado hapigi. Généreuse ameandika MAWESE kwa wino mkubwa kwenye chupa yake, na ile nyeusi ameiandika SI CHAKULA. Donge la bugali lilivunjika walipopaka jiko rangi, wakalitupa. Mbuzi tulimla Jumapili. Mimi nilipanda basi Jumatatu asubuhi, baada ya kuaga. New Orleans nilikaa siku kumi na moja. Ilinyesha zote.